Glavu za Bwana Kitalu

Uingereza ni marufuku kuua mnyama kwa upinde. Ni sheria, imeandikwa. Ruksa kuununua upinde, kuutundika ukutani, kwenda nao klabuni Jumapili ukatoboe makaratasi. Lakini ukitaka damu inakubidi upande ndege uende kwa watu wengine. Wenye uwezo wanapanda. Ndivyo walivyozoea: wanachokatazwa kwao wanakuja kukifanyia kwetu, na siku hizi kwetu kukiwa na kelele nyingi, wanakwenda Hungary.

Ndiyo maana duka la Rasik, pale Queensbury, liliweza kuuza glavu za kuwindia katika mji ambao mnyama wake mkali ni mbweha wa mapipa ya taka.

Rasik alizaliwa Arusha. Baba yake alikuwa akiuza mahema na viatu kwa wazungu wa safari. Yeye huku London akabaki na mikono tu. Glavu za waendesha pikipiki, glavu za wajenzi, glavu za wapiga mishale. Hali nyama, hali hata yai. Buibui akionekana dukani anambeba kwa kikombe mpaka nje, tena kwa kumwomba radhi. Lakini akiingia mteja wa kuwinda, Rasik anasimama wima kama askari wa gwaride.

"Dada Adelina!" aliita Jumamosi moja ya Januari. "Njoo umpime mzee. Mtu wa nyumbani huyu!"

Adelina alitoka stoo, futi kamba ikining'inia shingoni. Huo ulikuwa mwaka wake wa saba wa kupima mikono ya watu. Mbele ya kaunta palikuwa na mzungu mrefu wa miaka sabini na kitu, koti la kijani, mgongo bado umenyooka. Nyuma yake alisimama Lusajo, ambaye Adelina alimfahamu kutoka chama chetu cha kuzikana. Kijana wa Tukuyu mwenye miaka thelathini na minne, mpole, analea wazee majumbani kwao. Wakapeana salamu ya macho.

"Jambo, mama," alisema mzee. "Mimi taka glove. Baridi mingi sana. Wewe nalete mzuri."

Adelina alishika kaunta. Hakuitambua sura, uso huharibika. Sauti ndiyo aliyoitambua.

Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti 1997, sauti hiyo ilitoka kwenye kipaza sauti juu ya gari la kampuni ya uwindaji, katika kijiji cha Ndalaki. "Nyinyi natoka. Dakika tano." Wakapewa dakika tano kamili, maana mzungu yule alikuwa mtu wa saa. Dakika ya sita maghala yakawaka. Nyumba mia moja na kumi na mbili. Wanakijiji walikuwa wakimwita Bwana Kitalu, kwa kuwa kila aliposimamishwa na mtu njiani jibu lake lilikuwa moja tu, "Hapa kitalu yangu." Kwenye karatasi jina lake lilikuwa Harcombe.

Adelina alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yake, mzee Severin, alikamatwa siku hiyohiyo kwa kukutwa na upinde. Upinde aliouchonga mwenyewe, wa kuwindia digidigi na kanga, ulipelekwa mahakamani na kuandikwa kielelezo namba moja, na hakimu akauita silaha ya ujangili. Upinde wa Harcombe ulikatiwa leseni ukaitwa utalii. Tofauti ya pinde hizo mbili haikuwa kwenye mti wala kwenye kamba. Severin alifungwa miaka mitatu, akatoka na kifua kibovu, na kifua hicho hakikumfikisha mwaka wa nne. Watu wanaotuambia yaliyopita si ndwele ndio hao hao ambao hawakupitiwa na kitu.

"Dada, umeganda?" Rasik alicheka. "Baba yangu alimuuzia huyu mzee hema lake la kwanza. Sabini na nane! Mzee, huyu naye ni wa huko huko kwetu. Tanzania."

"Safi," alisema Harcombe, bila kumtazama.

Adelina aliuvuta mkono wake wa kulia na kuuzungushia futi kamba. Mkono ulikuwa wa baridi, na ncha za vidole vitatu zilikuwa nyeupe kama nta ya mshumaa.

"Unashika kamba kwa vidole, au una kifyatulio?" aliuliza.

Harcombe alitoa kitu mfukoni akakiweka juu ya kioo: mkanda wa ngozi wa kufunga kwenye kifundo cha mkono, wenye ndoano ndogo mbele na kilimi cha chuma kama cha bunduki. Ndoano hushika kamba ya upinde. Kidole cha shahada kikigusa kilimi, ndoano inaachia na mshale unakwenda zake. Kilimi cha namna hiyo ni chepesi. Hakihitaji nguvu, kinahitaji kidole kinachojua kimegusa.

"Hungary," Harcombe alisema. "Jumatatu mimi panda ndege. Baridi huko kumi chini ya sifuri. Mwaka jana vidole nakufa, nguruwe nakimbia."

"Atapata tu mwaka huu," alisema Rasik. "Dada Adelina hajawahi kukosea mkono."

Huko Ndalaki palikuwa na desturi moja. Ni kijiji cha mlimani, na asubuhi za Juni na Julai mtu hawezi hata kufunga kamba ya kiatu. Wawindaji walikusanyika motoni kabla ya kutoka. Kila mmoja alifumba macho, akabanishwa punje ya ulezi kati ya kidole cha shahada na gumba, akaambiwa ailegeze kidogo kidogo na aseme ikianguka. Aliyedondosha bila kujua alibaki nyumbani siku hiyo, akachochea moto. Hakuchekwa. Nyama ikirudi, alipata fungu kama wenzake. Walijua kuwa mtu asiyehisi kidole chake ni hatari kwa anayetembea mbele yake, na wakaliweka jambo hilo mahali ambapo haya haiwezi kulificha.

Adelina alikwenda kwenye kipembe cha ibada cha Rasik chenye picha ya Lakshmi, akachukua punje moja ya mchele kutoka kwenye kisahani cha sadaka.

"Aisee, dada!" Rasik alishtuka.

"Moja tu, Rasikbhai. Mungu wako hatahesabu." Akamgeukia Harcombe. "Fumba macho. Hii nakuwekea vidoleni. Legeza taratibu. Ikianguka, niambie."

Mzee alitabasamu kama anayechezeshwa na mtoto, akafumba. Sekunde nne hivi. Punje ilianguka juu ya kioo, ikadunda mara moja, ikatulia.

"Nipo nayo," alisema Harcombe, macho bado kayafumba, vidole vikibana hewa. "Bado iko."

Rasik aliitazama punje, kisha akaitazama mashine ya risiti kana kwamba imemwita. Lusajo alikohoa. Alipoona kope za mzee zinaanza kufunguka, alinyoosha mkono na kuifunika punje kwa kiganja.

"Iko, sir," alisema. "Uliishika mpaka mwisho."

"Vidole vya kijana hivyo!" Rasik akadakia. "Miaka ishirini na tano!"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa letu, si la mzungu. Sisi tumelelewa kwamba mzee hasemwi usoni. Mzee akisahau jina unamkumbusha kwa mzunguko, akijikojolea unaleta maji bila kuuliza. Ni malezi mazuri ya kumtunza mtu anayekaa kwenye kiti. Watu wawili wazima waliyatumia kumtunza mtu anayekwenda kushika silaha.

Na Adelina? Adelina alikuwa na lake. Kwenye rafu ya kushoto palikuwa na glavu nyembamba za sufu ya kondoo, zinazovaliwa pamoja na mfuko wa kiunoni wenye vipakiti vya moto. Mkono unakaa mfukoni hadi dakika ya mwisho, ukitoka kidole kinakuwa hai na ngozi inakaribia kugusa chuma. Kwa mkono kama ule, kama kulikuwa na tumaini lolote, lilikuwa hizo. Kwenye rafu ya kulia palikuwa na glavu nene za manyoya. Zinapasha joto kweli, lakini kidole ndani yake ni kama mguu ndani ya buti la mtu mwingine. Kinaingia kwenye kilimi bila kujua kimeingia.

Aliteremsha za kulia.

"Aaah," alisema Harcombe akikunja ngumi. "Moto. Mzuri sana hii."

"Zimekutoa, mzee," alisema Adelina, na Mungu amsamehe, maneno yalikuwa matamu mdomoni. Aliwaza mshale ukitoka kabla ya wakati, nguruwe akitimka, wazungu wenzake wakicheka. Aliwaza labda kamba imchubue mkono mpaka mfupa. Hakuwaza mbali ya hapo. Hasira ya miaka ishirini na minane humwona mtu mmoja tu. Wanaosimama jirani naye haiwaoni.

Harcombe alitoka kwenda kwenye teksi akiwa amezivaa. Lusajo alibaki kulipia.

"Dada, na mimi nitafutie za kutembelea," alisema. "Na kizibao kile cha rangi kali, kama kipo."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Si huko Hungary. Mwaka jana mwenyeji wao alikodi watu wa kijijini wa kuswaga, mwaka huu mzee amesema hataki wageni. Yeye anakaa amejibanza, mimi nazunguka mbele, napita msituni taratibu nikija upande wake, wanyama wanasogea." Alicheka kidogo. "Kazi ya mbwa, nimepewa mimi. Angalau mbwa anazaliwa na manyoya."

Adelina aliivua futi kamba shingoni.

"Unakuja upande wake. Yeye kashika upinde."

"Ndiyo."

"Lusajo, umeona ile punje."

"Nimeona."

"Sasa kwa nini uliifunika?"

Alitazama mlangoni, ambako dereva wa teksi alikuwa akipiga honi. "Dada, mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati tangu Oktoba. Kikombe ninamshikia. Kaniambia nikiandika neno moja kwenye ripoti, anapiga simu kampuni. Kampuni ikiniacha nina siku sitini nipate mwajiri mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo nafunga mizigo na Lilian na mtoto. Unajua siku sitini zinavyokwenda? Deus wa chamani alizimaliza bila hata kuitwa kwenye usaili. Tulimsindikiza airport na masufuria yake."

"Zile glavu ni mbaya," Adelina alisema. Akateremsha zile za kushoto. "Mbadilishie hizi."

Lusajo alizitazama nyembamba, akatikisa kichwa. "Kazipenda zile. Nikimwambia tubadilishe ataniuliza kwa nini. Njoo kesho mchana uzilete wewe. Wewe ndiye fundi, wewe atakusikiliza."

Honi ikalia tena, akakimbia.

Adelina alimgeukia Rasik. "Ulikuwa unajua?"

"Nini?"

"Kwamba hana vidole. Uliona."

"Nimeona mteja, dada." Alikuwa akifuta kioo mahali palipokuwa tayari pamefutwa. "Mzee wa miaka hiyo, likizo yake ya mwisho. Mimi ni nani nimwambie? Wewe kwenu mngemwambia?"

"Kwetu tungembakisha motoni."

"Basi kwenu mko wakali."

"Kwetu alipachoma moto," alisema Adelina. "Uliza baba yako alimuuzia nini tena zaidi ya hema." Rasik alikuwa akijua. Wenye maduka Arusha walijua kila kitu mwaka ule, hata madumu ya mafuta ya taa yaliyoondoka kwa gari la kampuni.

Jumapili saa saba mchana Adelina alishuka Edgware Road akiwa na glavu nyembamba kwenye mfuko wa karatasi. Nje ya migahawa Waarabu walikuwa wanakunywa chai chini ya vipasha joto. Jengo la Harcombe lilikuwa mtaa wa nyuma, la matofali mekundu, lenye lifti ya zamani ya mlango wa wavu. Ghorofa ya nne Lusajo alimfungulia, uso umechoka.

"Anajaribu vifaa vyake," alinong'ona. "Pita ubavuni."

Kilichokuwa ndani kilikuwa ukumbi mrefu kama kichochoro, vichwa vya nyati na kongoni pande zote mbili, macho ya kioo. Mwisho kabisa, mbele ya mlango wa jikoni, palisimamishwa kitalu cha povu gumu cha kupigia mishale. Huku mwanzo alisimama Harcombe, upinde wa puli mkononi, kifyatulio kimefungwa juu ya glavu za manyoya.

"Mama wa glove!" alisema. "Wewe nafanya nini hapa?"

"Nimekuletea nyingine. Zile si sawa kwa mkono wako."

"Hii mzuri. Hii moto." Kisha akamgeukia Lusajo na kuzungumza Kiingereza, na kwa Kiingereza hakuwa yule babu wa kuchekesha. "Lile povu limeinama. Nenda kalinyooshe."

Lusajo alikwenda. Alipiga magoti mwisho wa ukumbi, akaanza kulisogeza. Harcombe alipachika mshale. Aliuinua upinde, akavuta taratibu, puli zikazunguka bila sauti.

"Mzee, mtu yuko mbele," alisema Adelina.

"Mimi napima tu."

Alikuwa akisema kweli. Ndilo jambo ambalo Adelina hakuweza kulisahau baadaye: hakukusudia, alikuwa anapima tu. Kidole kinene cha manyoya kilikaa pembeni ya kilimi, kisha kikawa ndani ya kilimi, na mwenye kidole hakujua. Alikuwa bado anasema neno la mwisho pale kamba iliponguruma.

Mshale ulizama kwenye fremu ya mlango wa jikoni, upana wa kiganja kutoka sikioni kwa Lusajo. Mkia wake ulitetemeka muda mrefu. Lusajo alibaki amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya povu, kama mtu aliyeitwa katikati ya sala.

Harcombe aliutazama mkono wake. "Glove mbaya," alisema.

"Ni mbaya," alisema Adelina. "Nilikupa makusudi."

"Nini?"

Alimwambia kwa Kiingereza, asikose neno. "Nilikuuzia nikijua. Nimezaliwa Ndalaki. Baba yangu ni Severin, uliyemfunga kwa sababu ya upinde. Nilitaka uaibike. Lakini hata hizi nilizoleta hazikusaidii. Vidole vyako vimekufa, na punje ile ilianguka hukujua. Usishike tena kitu hicho mtu akiwa mbele yako."

Mzee alikunja uso, akifikiri kwa dhati. Alikuwa anatafuta. Adelina aliona kabisa kwamba anatafuta, kama mtu anayepapasa mifuko.

"Ndalaki," alisema hatimaye. "Hapana. Tulisafisha sehemu nyingi." Kisha akaita, "Lusajo! Huyu mwanamke anasema siwezi kuhisi vidole. Ni kweli?"

Jumamosi Lusajo alikwishajibu swali hilo kwa kiganja. Sasa alisimama, akajipangusa magoti.

"Ni kweli, sir. Tangu Oktoba. Mimi ndiye ninayekufunga vifungo."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Na mimi sitatembea mbele yako huko Hungary. Nitakupikia, nitakuogesha, nitakubebea mzigo. Mbele yako sitatembea."

"Basi toka," alisema Harcombe kwa utulivu. "Weka funguo."

"Funguo nitamkabidhi atakayekuja. Ndio utaratibu."

Walishuka. Pale chini, kwenye benchi la mlango wa jengo, Lusajo aliipigia kampuni. Aliweka spika ili Adelina asikie. Alieleza mshale, alieleza kidole, alieleza upana wa kiganja. Sauti ya dada mmoja mchangamfu ilimshukuru kwa kutoa taarifa, ikasema itaiandika, ikasema mteja naye ameshapiga, na kwamba kwa kuwa safari ni kesho asubuhi mtu mwingine atafika saa kumi. Abaki hapo amkabidhi daftari na funguo. Kuhusu yeye Lusajo, watawasiliana kwa barua.

"Barua," alisema Lusajo akikata simu. "Leo ni siku ya kwanza."

"Tuite polisi."

"Tuwaambie nini, dada? Mzee ana upinde nyumbani kwake na hakuna aliyeumia?"

Adelina aliirudisha simu mfukoni. Ya Rasik aliyafikiria pia. Kesho saa tatu angesimama mbele yake, mteja wa nyumbani akiwa ameshamaliza kulalamika kwa simu. Aliachana nayo. Lusajo alifungua daftari la makabidhiano magotini. Ukurasa wa dawa, ukurasa wa chakula, ukurasa wa tahadhari. Kwenye ukurasa wa tahadhari, ambao kwa miezi mitatu aliuandika *hakuna*, aliandika kwa herufi kubwa: VIDOLE VYA MKONO WA KULIA HAVINA HISIA. LEO SAA NANE MSHALE UMETOKA BILA YEYE KUJUA. USITEMBEE MBELE YAKE. Akatia sahihi. Adelina akaomba kalamu akatia yake chini, kama shahidi.

Saa kumi kasoro dakika chache aliingia mwanamume wa kiasi cha miaka thelathini, koti jepesi, begi la safari begani.

"Habari zenu," alisema. "Ni nyinyi mko na keys za Mr Harcombe? Mimi naitwa Njoroge."

"Ndugu, karibu," alisema Lusajo, na sauti yake ikapata nguvu; alimpata Mswahili, jambo litakuwa rahisi. "Kaa kwanza. Soma hapa kabla hujapanda."

Njoroge alisoma amesimama. Alisoma tena kuanzia juu. Akafunga daftari akalitia kwapani.

"Nimesoma."

"Mwanangu," Adelina alisema, "huyo mtu atakuweka mbele ya mshale. Nimeona kwa macho yangu, masaa mawili hayajapita. Rudi nyumbani."

"Nyumbani gani, mathe?" Alicheka kicheko kifupi, kisicho na ubaya. "Mwezi huu nimekataa shifti mbili. Moja ilikuwa ya nyumba ya mbwa wakali, ingine mbali huko Wales. Wameniambia nikikataa ya tatu wananiandikia barua. Wife wangu amefika juzi. Hata mabegi hatujafungua."

"Basi nenda, lakini mwambie hutatembea mbele yake," alisema Lusajo. "Mwambie tu wazi. Utampikia, utambebea mzigo, lakini hilo hapana."

"Wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na sasa uko wapi?"

Lusajo aliutazama mfuko wa nailoni uliokuwa kati ya miguu yake, wenye ndara zake na chaja ya simu.

Njoroge alinyoosha mkono, naye akampa funguo. Alizihesabu kwa mguso, moja moja, kama mtu aliyekwishapokea funguo za nyumba nyingi. Akaminya kitufe cha lifti. Ilipokuwa ikishuka, aligeuka.

"Niulize kitu kimoja. Kabla ya kuachilia, huwa anasema kitu? Anahesabu, anavuta pumzi, kitu chochote mtu anaweza sikia?"

"Hasikiki," alisema Lusajo. "Hata mwenyewe hajui."

"Sawa," alisema Njoroge, kama mtu aliyeambiwa sukari inawekwa kabati gani. "Asanteni sana."

Adelina alimshika mkono wa koti. Njoroge alisubiri kwa adabu mpaka alipoachia, kisha akaingia, akavuta mlango wa wavu, akaminya nne. Lifti ikaanza kupanda. Kwa kuwa ni ya wavu, walimwona anavyokwenda: kichwa kikaingia dari, kikafuata kifua, likafuata begi, mwisho vikabaki viatu viwili vilivyopigwa rangi vizuri, vimesimama sambamba, navyo vikapanda.